Tathmini: Kutoa Taarifa ya Mtoto Aliyezaliwa Ombi la Ukaazi wa Kudumu wa Kanada Likiendelea

Mtoto wetu wa pili alizaliwa Dar es Salaam mwezi wa Septemba 2024, wiki ya kumi na mbili tangu tuwasilishe ombi la ukaazi wa kudumu wa Kanada kupitia Express Entry, mfumo wa mtandaoni ambao Kanada inautumia kuchagua wahamiaji wenye ujuzi wa kazi kwa kuwapa alama. Ombi lilikuwa na watu watatu: mimi niliye mwombaji mkuu, mume wangu, na binti yetu wa miaka minne. Kuanzia usiku ule tulikuwa wanne, na karatasi bado zilisema watatu. Tathmini hii inahusu huduma mbili tulizozitumia kurekebisha jambo hilo, yaani fomu ya mtandaoni ya idara ya uhamiaji ya Kanada na ushauri wa wakala wa hapa mjini tuliyekuwa tumemlipa atuongoze. Fomu ninaipa nyota nne kati ya tano. Wakala sitamtaja jina, wala simpi nyota hata moja, na nitaeleza sababu kwa kirefu kwa kuwa najua zipo familia ambazo leo hii zinapewa ushauri uleule.

Naanza na wakala kwa sababu ndiye niliyemtafuta kwanza. Nilimpigia simu siku ya tatu baada ya kujifungua, nikamwuliza tunapaswa kufanya nini. Akaniambia: "Dada, usiwashtue wale. Ombi liko mwishoni, ukiongeza mtu wanalirudisha nyuma. Nyamaza kwanza, mwacheni mtoto kwa bibi yake miezi sita, mkishatulia huko mtamwita." Alilisema kwa upole, kama mtu anayekutua mzigo, na mama ambaye hajapata usingizi kwa siku tatu maneno ya namna hiyo yanamwingia haraka. Mama yangu mzazi, aliyekuwa amekuja kunikanda, alikuwa ameshika beseni la maji ya moto mlangoni na aliyasikia mazungumzo yote. Aliuliza swali moja tu: "Na wakimkataa?" Wakala alisema hilo halijawahi kutokea kwa wateja wake, kisha akakata simu.

Swali la mama ndilo swali lenyewe ambalo sheria imelijibu. Kanuni za Uhamiaji na Ulinzi wa Wakimbizi za Kanada, katika kifungu cha 117(9)(d), zinaeleza kwamba mwanafamilia ambaye hakuambatana na mwombaji na hakufanyiwa uchunguzi wakati mwombaji alipopata ukaazi hawezi baadaye kudhaminiwa na mwombaji huyo katika kundi la familia, yaani njia ya mkaazi au raia kumwombea jamaa yake aje kuishi Kanada. Kifungu hakiweki ukomo wa miaka, na wala hakijali kama mtoto aliachwa nje ya fomu kwa hila, kwa kusahau, au kwa sababu wakala alishauri hivyo. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufani ya Shirikisho ya Kanada, katika kesi ya de Guzman, ilikikubali kifungu hicho dhidi ya mama mwenye asili ya Ufilipino ambaye aliingia Kanada mwaka 1993 pamoja na binti yake bila kuwataja wanawe wawili wa kiume. Alipoomba kuwadhamini alikuwa ameshakuwa raia wa Kanada, na uraia wake haukuwafungulia watoto mlango. Nilisoma maelezo ya kesi hiyo saa nane za usiku huku mtoto akinyonya, na tangu wakati huo sikuhitaji tena ushauri wa mtu yeyote kuhusu kunyamaza.

Watu waliowahi kusikia habari za msamaha wataniuliza kuhusu sera ya mwaka 2019. Sera hiyo ipo kweli: Kanada ilianzisha mpango wa majaribio unaoruhusu baadhi ya wanafamilia ambao hawakutajwa wadhaminiwe. Hata hivyo mpango huo unawahusu waliofika Kanada kama wakimbizi, waliopewa hifadhi wakiwa ndani ya nchi hiyo, au waliodhaminiwa wao wenyewe kama mke, mume, mwenza au mtoto. Aliyeingia kama mwombaji mkuu kwa njia ya ujuzi wa kazi, kama ilivyokuwa kwetu, hamo. Kwetu ingebaki njia ya kuomba kwa sababu za kibinadamu, ambayo afisa anaipima kesi kwa kesi, na ambayo si ya kuipanga tangu mwanzo wakati mtoto yupo mikononi mwako na fomu iko wazi. Zaidi ya hapo, kuficha jambo la msingi katika ombi kunaweza kuhesabiwa kuwa upotoshaji, na adhabu yake ni kuzuiwa kuingia Kanada kwa miaka mitano.

Hata ile hoja ya kwamba "ombi liko mwishoni" haikuwa ya kweli, na wakala alikuwa na nyaraka zote za kumwonyesha hivyo. Katika uchunguzi wa afya niliofanyiwa nikiwa mjamzito niliahirisha eksrei ya kifua hadi nijifungue, jambo ambalo Kanada inaliruhusu kwa mjamzito. Maana yake ni kwamba uchunguzi wangu ulikuwa haujakamilika, na ombi lisingeweza kuamuliwa kabla ya kujifungua hata kama mtoto asingetajwa kabisa. Laiti angefungua faili letu kwa dakika tano angeliona hilo.

Jambo jingine nililochelewa kulijua, na ambalo ningependa kila msomaji alijue kabla hajatoa hata shilingi, ni kwamba sheria ya Kanada inaruhusu watu wachache tu kutoza fedha kwa ushauri wa maombi haya: mawakili walio wanachama wa vyama vya sheria vya majimbo ya Kanada, wasaidizi wa sheria wenye leseni ya chama cha mawakili cha Ontario, wanotari wa Quebec, na washauri waliosajiliwa na chombo kinachosimamia taaluma ya ushauri wa uhamiaji na uraia. Orodha ya washauri hao iko wazi mtandaoni na mtu yeyote anaweza kutafuta jina. Jina la wakala wetu halikuwamo.

Sasa niieleze fomu. Baada ya ombi kuwasilishwa, akaunti ya Express Entry haina mahali pa kuongeza mtu, na hapo ndipo waombaji wengi wanapokwama wakidhani hawana la kufanya. Njia iliyowekwa ni fomu ya mawasiliano iliyoko katika tovuti ya idara. Unaijaza kwa kuandika namba ya ombi, ambayo kwetu inaanza na herufi E, namba yako ya mteja, jina lako kama lilivyo katika pasipoti, tarehe na nchi ya kuzaliwa, kisha unaandika ujumbe na kupakia viambatisho. Mimi niliandika sentensi nne tu: kwamba familia yetu imeongezeka; jina kamili la mtoto, jinsia, tarehe na mahali alipozaliwa; kwamba ninaomba aongezwe kuwa mtegemezi anayeambatana nasi; na kwamba pasipoti yake inashughulikiwa na nitaituma mara itakapotoka. Nikaambatisha cheti cha kuzaliwa. Kazi yote ilichukua kama dakika ishirini, na sehemu kubwa ya muda huo ilikuwa ya kupunguza ukubwa wa faili, kwa sababu picha za simu ni nzito kuliko fomu inavyokubali.

Ninaisifu fomu hii kwa jambo moja kubwa, nalo ni kwamba inaacha ushahidi wenye tarehe. Ukituma, unapata barua pepe ya kuthibitisha kwamba ujumbe umefika, na barua hiyo nilichapisha nakala mbili, moja nikaiweka pamoja na cheti cha mtoto na nyingine nikampa mume wangu. Iwapo siku moja lingezuka swali la kama tulimtaja mtoto au hatukumtaja, jibu lilikuwa karatasini. Nyota inayopungua inatokana na namna fomu ilivyotengenezwa: haikupi ukurasa wa kufuatilia ujumbe wako umefikia wapi, na lugha zake ni Kiingereza na Kifaransa peke yake. Kwa mtu aliyesoma shule za kwetu hadi sekondari jambo la lugha linavumilika. Kwa mama wa Kikongo aliye katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, au Nakivale, Uganda, ambaye Kiswahili ndicho lugha yake ya kila siku, ni kikwazo cha kweli, na lazima atafute mtu wa kumsaidia anayemwamini.

Baada ya wiki kadhaa ilikuja barua katika akaunti ikituomba nyaraka za mtoto: fomu ya ombi namba IMM 0008 ikiwa imeongezwa jina lake, fomu ya taarifa za familia namba IMM 5406 iliyojazwa upya, cheti cha kuzaliwa, pasipoti, picha, ushahidi mpya wa fedha za kujikimu, na ada ya mtoto mtegemezi, ambayo wakati huo ilikuwa dola 260 za Kanada. Mtoto halipiwi ile ada ya haki ya ukaazi wa kudumu ambayo mwombaji na mwenza wake wanalipa. Hatakiwi kutoa alama za vidole pia, kwa kuwa walio chini ya miaka 14 wamesamehewa, na cheti cha polisi ni cha watu wazima. Ilikuja vilevile fomu ya maelekezo ya uchunguzi wa afya ambayo unaipeleka kwa daktari aliyeidhinishwa na Kanada. Daktari mwingine yeyote, hata awe bingwa wa watoto, hakubaliki.

Ugumu wa kweli ulikuwa upande wetu wa bahari, na ulianza na herufi moja. Tangazo la kizazi tulilopewa hospitalini lilikuwa limeandika jina langu la kati bila herufi "h", wakati pasipoti yangu ina herufi hiyo. Muuguzi wa zamu alisema haina shida. Katika maisha ya kawaida huenda haina shida, lakini afisa wa nchi nyingine anayesoma cheti cha kuzaliwa anatafuta jambo moja tu, yaani kama mama aliyetajwa pale ndiye mama aliye katika ombi. Tulirudi siku iliyofuata, tukasubiri hadi saa saba mchana, likasahihishwa kabla cheti cha kuzaliwa hakijatolewa na RITA, ofisi ya serikali ya Tanzania inayosajili vizazi. Anayejifungua akiwa na ombi la namna hii na asome tangazo la kizazi kabla hajaondoka wodini, herufi kwa herufi, pasipoti yake ikiwa mkononi, kwa sababu kosa la karatasi hiyo linahamia kwenye cheti, kutoka kwenye cheti linahamia kwenye pasipoti, na kila hatua inayofuata inakuwa ngumu kulirekebisha kuliko iliyotangulia.

Pasipoti ya mtoto iligharimu shilingi 150,000 sawa na ya mtu mzima. Picha ndiyo iliyotuchosha. Mtoto wa wiki tano hawezi kushika shingo, na masharti yanataka uso wake uonekane mzima, macho yakiwa wazi, pasipo mkono wa mtu mwingine ndani ya picha. Mpiga picha wa mtaani kwetu Tabata alitandika shuka jeupe juu ya meza, akamlaza mtoto chali, akapanda juu ya stuli na kumlenga kutoka juu, huku mimi nikiwa nimechuchumaa pembeni nikimwita kwa sauti ndogo ili ageuze macho. Alipofungua macho alikuwa anapiga miayo. Tulirudia kwa karibu saa nzima, tukasimama kunyonyesha, tukaendelea, na picha iliyofaa ilipatikana pale feni ya dukani ilipozunguka juu yake naye akaitazama. Yule kijana hakuongeza bei hata shilingi moja.

Uchunguzi wa afya, ambao niliuogopa kuliko yote, ndio uliokuwa mwepesi. Kwa umri huo hakuna eksrei wala kutolewa damu. Daktari alimvua nguo, akampima uzito na urefu, akapitisha utepe kuzunguka kichwa chake na kuandika mzingo, akasikiliza moyo na mapafu, akakagua kadi ya kliniki. Mimi nilipigwa eksrei yangu iliyoahirishwa siku hiyohiyo. Matokeo daktari huyatuma mwenyewe kwa njia ya mfumo, wewe unabaki na karatasi ya kuthibitisha tu. Jambo la kuangalia ni kwamba matokeo ya uchunguzi hudumu kwa miezi 12, kwa hiyo mtoto akichelewa kupimwa, vipimo vya wazazi na kaka au dada zake vinaweza kuisha muda na familia nzima ikalazimika kupimwa na kulipa upya.

Upande wa fedha niseme waziwazi kwa sababu watu wengi hawaukumbuki. Mtoto hapunguzi wala haongezi alama zako za Express Entry, lakini anaongeza idadi ya familia, na kiwango cha fedha za kujikimu kinapimwa kwa idadi hiyo. Kwa viwango vya mwaka 2024 familia ya watu watatu ilipaswa kuonyesha dola 22,483 za Kanada, na ya watu wanne dola 27,297. Tofauti ni dola 4,814, nazo zinatakiwa ziwemo katika akaunti wakati afisa anapoangalia. Kumwandika mtoto kuwa asiyeambatana hakupunguzi kiwango hicho, kwa kuwa wasioambatana wanahesabiwa pia. Sisi tuliuza gari dogo la mume wangu, tukaambatisha mkataba wa mauziano pamoja na taarifa ya benki ili afisa aone fedha zimetoka wapi. Ikiwa umepata ujauzito ombi likiwa bado halijaamuliwa, anza kuweka akiba hiyo mapema, usingoje barua.

Hali za familia hazifanani, na nimeulizwa mara nyingi na jamaa kuhusu zile ambazo si kama yetu. Mtoto anayezaliwa ndani ya Kanada wakati wazazi wanasubiri ukaazi ni raia kwa kuzaliwa, isipokuwa watoto wa wanadiplomasia wa kigeni, kwa hiyo haombewi ukaazi wala kupimwa afya; bado anatajwa, kwa sababu idadi ya familia imebadilika. Mtoto akizaliwa baada ya hati za ukaazi kutolewa lakini kabla ya kusafiri, taarifa inatolewa kabla ya kupanda ndege, na safari inasubiri maelekezo hata kama tiketi zimeshalipiwa, kwa maana ukiingia Kanada ukathibitishwa kuwa mkaazi bila kumtaja, kile kifungu cha 117(9)(d) kinamhusu yeye. Kwa wakimbizi wanaohamishiwa Kanada kutoka kambi za Tanzania, Kenya au Uganda kuna utaratibu unaoitwa dirisha la mwaka mmoja, ambapo mwanafamilia aliyebaki nyuma anaweza kuombewa ndani ya mwaka mmoja tangu mwombaji mkuu apate ukaazi; sharti lake ni lilelile, kwamba awe ametajwa kabla ya safari. Anayezaliwa kambini aandikishwe kwanza kwa UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, na ofisi inayoshughulikia faili la Kanada nayo iambiwe. Kuandikishwa upande mmoja kusichukuliwe kuwa kumemaliza upande wa pili.

Kuhusu kuambatana au kutoambatana, nina msimamo. Wapo wazazi ambao kwa sababu za kweli hawawezi kusafiri na mtoto mchanga, na fomu inawapa nafasi ya kumwandika kuwa mtegemezi asiyeambatana. Mtoto huyo anapimwa afya kama wengine, na haki ya kumdhamini baadaye inabaki salama. Lakini kama sababu pekee ni kuokoa ada ya mtoto na wiki chache za kusubiri, ninawasihi wamwandike kuwa anayeambatana. Kumdhamini mtoto baadaye ni ombi jipya lenye ada zake na foleni yake, na miezi hiyo mtoto anaishi mbali na ziwa la mama yake.

Ombi letu liliamuliwa mwezi wa Aprili 2025, kama miezi kumi tangu kuwasilishwa. Siwezi kusema ni wiki ngapi kati ya hizo zilitokana na mtoto na ngapi zilitokana na eksrei yangu, na kwa kweli sijajisumbua kuzihesabu. Barua ya kuomba pasipoti ilipofika, mume wangu alizipanga mezani, tatu zikiwa zimechakaa pembeni na moja mpya kabisa ambayo ndani yake kuna sura ya mtoto anayetazama feni, akazitia zote nne katika bahasha moja, akaenda kuzikabidhi.